Miji Inayotazama Maji

Anayefika Kendu Bay, magharibi mwa Kenya, kwa barabara huingia mjini kwa mlango wa nyuma. Matatu humshusha kando ya lami, akaona maduka, bodaboda na akina mama wanaouza samaki wa kukaanga, na hata halimjii swali la kwa nini mji uliota pale na si kilomita tano mbele au nyuma. Lami ilikuja baadaye. Ilipofika iliukuta mji umeshakaa, uso umeelekea Ziwa Viktoria, kwa sababu watu, barua, chumvi, nguo na habari vilikuwa vikitoka huko. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, nimekulia mtaa wa Kaloleni, na kwa miaka mingi nimepita Kendu Bay, Homa Bay na Mbita kwa gari nikiamini kwamba nazifahamu. Nilianza kuzielewa nilipozifikia nikiwa nimekaa usawa wa maji, kasia mkononi.

Kayaki si chombo cha kwetu. Asili yake ni kwa watu wa Aktiki, ambao waliiunda kwa ngozi ya sili na kuitumia kuwinda baharini. Hizi tunazotumia sisi ni za plastiki ngumu, nyembamba na ndefu, na kasia lake lina bapa pande zote mbili. Rafiki yangu wa ufuo wa Dunga, Kisumu, mtoto wa mvuvi ambaye sasa huongoza wageni, alinunua mbili zilizokwisha kutumika na ndiye aliyenifundisha. Wavuvi walituita watu wa boti ya plastiki na wengi walidhani ni mchezo wa watalii. Lakini kwa mtu anayetaka kuijua pwani, sijaona chombo kinachoishinda. Hupita mahali ambapo maji hayafiki magotini. Haina injini ya kuzima mazungumzo. Mwendo wake ni kilomita tano au sita kwa saa, kwa hiyo kila ghuba ndogo, kila mwamba na kila mti mkubwa wa kando unakupa nafasi ya kuuliza jina lake. Na kwa kuwa mikono huchoka, lazima utie nanga ufuo wa watu, na ukishafika ufuo wa watu lazima useme wewe ni nani na umetoka wapi. Hapo ndipo historia inapoanza kutoka.

Somo la kwanza alilonipa rafiki yangu halikuwa la kasia bali la upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa hutiririka kutoka bara kwenda ziwani. Ukiondoka Dunga alfajiri, upepo huo uko mgongoni na unakusukuma magharibi. Karibu na adhuhuri hutulia, ziwa likawa kama limelala. Kisha jua likishachoma nchi, mambo hugeuka: upepo huvuma kutoka ziwani kuja Kisumu, mawimbi yakainuka, na kwa sababu Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, ni ya kina kifupi mawimbi yake huwa mafupi, yenye kusimama, yanayokupiga moja kabla hujamalizana na jingine. Jioni nyingi mawingu meusi hujikusanya upande wa milima ya Nandi. Mvuvi wa tanga hajahitaji kitabu kuyajua haya. Alitoka na upepo wa bara, akarudi na upepo wa ziwa, na soko la samaki likapangwa kufuata saa hizo. Nilipoizoea ratiba hiyo mwilini nilielewa pia mpangilio wa fuo: ile yenye kichwa cha ardhi upande wa magharibi, inayokinga mawimbi ya alasiri, ndiyo iliyopata watu wengi, mashua nyingi na hatimaye maduka.

Niseme hapa hapa jambo la usalama, kwa sababu ziwa hili limechukua watu wengi mno. Sitoki na mtu asiye na jaketi la kuokoa maisha, hata awe muogeleaji wa sifa gani. Kiboko tunampa nafasi kubwa, hasa asubuhi na jioni anapokuwa kati ya majani na maji, kwa maana ukimkatia njia ya kurudi majini atapita juu yako. Na kwenye vidimbwi vya kando vyenye konokono kuna kichocho. Tunanawa, tunajifuta haraka, na tunakwenda kupimwa hospitalini bila kungoja dalili.

Pwani ya kwanza niliyoijua upya ilikuwa ya mji wangu mwenyewe. Ukipiga kasia kutoka Hippo Point kuelekea bandari ya Kisumu, ukibaki mbali kama taratibu za bandari zinavyotaka, unaiona reli ikishuka mlimani moja kwa moja hadi majini. Mtu wa nchi kavu huiona stesheni kama mwisho wa safari. Kutoka ziwani inaonekana wazi kwamba reli ile haikuwa na nia ya kuishia pale. Ilijengwa kuanzia Mombasa mwaka 1896, ikaitwa Reli ya Uganda, na ilipogusa ziwa tarehe 20 Desemba 1901 mahali hapa palikuwa bado ndani ya himaya ya Uganda. Mkoa huu wa mashariki ulihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka uliofuata, 1902. Jina lililopewa kituo lilikuwa Port Florence, la Florence, mke wa mhandisi Ronald Preston. Kabla ya hapo mpango ulikuwa reli imalizikie Port Victoria, kule Bunyala, ambako leo wengi wetu hatujawahi kufika.

Na meli ilitangulia reli. SS William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, na wapagazi wakavibeba vipande hivyo sehemu ya njia. Iliunganishwa Kisumu na kuingizwa majini mwaka 1900. Nimekaa kwenye kayaki mbele ya bandari ile nikijaribu kumpigia hesabu mtu aliyetwikwa bamba la chuma akapanda nalo ukingo wa Mau, na jina lake halikuandikwa popote. Baadaye zilikuja Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza na Usoga. Zote zilipeleka pamba, ngozi na watu, zikarudi na chumvi, mafuta ya taa na majembe. Hadi leo MV Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960, ina reli juu ya sitaha yake, mabehewa yakaingia bila kushushwa mzigo, na mwaka 2019 ilirudi kazini baada ya kukaa miaka mingi bila kusafiri.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa injini katika meli za reli. Alipotaja miji ya Nyanza aliitaja kwa mfuatano wa magati: Kendu, Homa Bay, Mbita, Mfangano, kisha Asembo wakati wa kurudi. Sisi wajukuu tulidhani anachanganya, maana kwetu Asembo ilikuwa njia ya Bondo na Homa Bay ilikuwa njia ya Kisii, pande mbili za dunia. Kwa maji ni majirani wanaotazamana. Nimeona moshi wa Uyoma nikiwa upande wa pili wa ghuba, na rafiki yangu akanieleza kwamba bibi yake aliolewa kutoka huko, akaletwa kwa mashua. Ndoa nyingi za pwani hii zilivuka maji. Barabara zilipokuja zikafuata kingo, zikageuza majirani wa saa mbili kuwa wageni wa siku nzima.

Nataja pia kwa haraka jambo ambalo hata wenyeji wa Kisumu hushangaa wakilisikia: ziwa hili liliwahi kuwa uwanja wa ndege. Kuanzia 1937 ndege kubwa za majini za Imperial Airways, zikitoka Uingereza kuelekea Afrika Kusini, zilitua juu ya maji ya Kisumu. Ukiwa ghubani asubuhi, maji yakiwa kioo, unaelewa kwa nini rubani alipapenda.

Kusini ya Dunga huanza mafunjo. Kutoka nchi kavu kinamasi hiki ni ukuta wa kijani usioeleweka. Kutoka kwenye kayaki kina vichochoro. Ndani yake huishi ndege mmoja mweusi mwenye kifua chekundu ambaye makazi yake ni mafunjo tu, huwezi kumpata kwingine, na nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka. Mizizi huchuja uchafu unaotoka mjini, samaki wadogo hujificha humo wasiliwe, na wanawake hukata mabua ya kusukia mikeka. Huwa nasikitika nikiona kipande kilichochomwa. Nje yake huelea gugumaji, lililotuvamia miaka ya 1990 na halijawahi kuondoka kabisa. Gugumaji halina mtaa. Upepo ukigeuka usiku, ghuba iliyokuwa wazi jioni hufungwa asubuhi, na tumewahi kulazimika kuburuta kayaki juu yake tukiwa tunaona ufuo pale mbele lakini hatuufikii. Kayaki nyepesi ilipita. Mashua ya omena (dagaa) iliyokuwa nyuma yetu, yenye wanaume sita na shehena ya usiku kucha, ilikwama.

Upande wa mdomo wa Nyando na kuelekea Kusa pwani ni tambarare, na hapo nilijifunza kwamba ramani ya ziwa haijawahi kutulia. Mama mmoja mzee alikuwa akianika omena kwenye nyavu chakavu. Rafiki yangu akamwamkia kwa heshima zote kwa Dholuo, mimi nikaongeza shikamoo yangu, naye akatukaribisha chini ya mti. Nilipomuuliza ufuo huu unaitwaje alitaja jina moja. Kisha akanyoosha mkono kuelekea maji wazi, mbali, mahali ngalawa za nyavu zilipokuwa zimesimama.

"Huo mnaoukalia ni mpya," alisema. "Ufuo wenyewe uko kule. Mji wa baba mkwe wangu uko kule, na mti wake, na makaburi."

Mvua za 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Mita mbili si kitu kwenye mlima, ila kwenye tambarare ya Kano ni mashamba, ni boma, ni njia ya ng'ombe. Maji hayakurudi yalikotoka. Kisha Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikavuka kidogo rekodi ya 1964, na familia nyingine zikahama, zikilala mashuleni na kando ya barabara. Mama yule aliyahama maji mara zote mbili, ya kwanza akiwa bibi harusi. Niliyapita maji ya mahali alipoonyesha, kasia likiwa linagusa tope kila baada ya hatua chache, na sikuweza kuona chochote, maana maji ya huko ni ya rangi ya chai. Lakini nilijua napita juu ya mji wa watu, na niliupita polepole. Kwenye ramani rasmi pale ni ziwa, basi.

Tangu siku hiyo tunauliza kila ufuo maswali mawili: unaitwaje, na ule wa kabla yake uliitwaje. Majibu huja haraka kuliko nilivyotarajia. Wazee wanaweza kukutajia mashina ya miti yaliyo chini ya maji kwa sababu nyavu zao hunasa humo hadi leo.

Ukishauacha mdomo wa Sondu, ardhi huanza kuinuka na rangi ya maji hubadilika, na Kendu Bay hujitokeza. Ghuba yenyewe ina umbo la mkono uliokunjwa, imekingwa, na ukiingia ndani mawimbi ya alasiri hubaki nje. Tulifika adhana ya alasiri ikisikika juu ya maji. Msikiti wa Tawakal ni mkongwe, na mji wa zamani uliouzunguka ni wa Waislamu waliofika na biashara ya ziwa: Waswahili, Waarabu na watu wa Bara Hindi, wakaoa hapa, wakazaa watoto ambao Dholuo ni lugha yao ya mama. Mimi wa Kaloleni nilihisi nimefika nyumbani kwa jamaa nisiowajua.

Baada ya sala mzee mmoja alituuliza tumekuja na matatu gani. Nilipomwambia tumekuja kwa maji kutoka Dunga, na tulilala Kusa njiani, aliinuka. "Basi twendeni gatini, mwanangu, hapa si mahali pa kuzungumza."

Alitutembeza kandokando ya maji kwa muda mrefu kuliko miguu yangu ilivyotaka. Alionyesha mahali magunia ya pamba kutoka kiwanda cha kuchambulia yalipopangwa yakingoja meli, mahali makarani wa Kihindi walipokuwa na mizani, mahali abiria wa daraja la tatu walipolala usiku mmoja au miwili meli ikichelewa. Kwake yeye maduka ya zamani yenye veranda hayakuwa magofu bali sentensi: huyu aliuza khanga, yule aliuza sukari, huyu alikuwa na mashine ya kusagia. Wanafunzi wa mji huo husoma shuleni juu ya bandari ya Kilindini kule Mombasa, na hawafundishwi kwamba wamekaa bandarini. Lilinichoma hilo. Mwalimu angehitaji nusu saa tu na mzee kama huyu.

Jambo jingine lililonigusa ni jinsi maji yale yale yalivyoleta imani mbili. Mwaka 1906 wamisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen akiwa na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Malawi, walivuka ghuba kutoka Kisumu na kuanza misheni juu ya kilima cha Gendia, karibu sana na mji. Wakajenga shule, na mtambo wa kuchapa vitabu ukafuata. Kanisa lilipanda kilimani na msikiti ukabaki chini karibu na gati, na hadi leo watu wa familia moja utawakuta wametawanyika Jumamosi na Ijumaa. Vitabu humtaja Carscallen mara nyingi. Nyambo natamani angetajwa zaidi, kwa maana alitoka mbali kuliko wengi walivyodhani inawezekana kwa mtu mweusi wa wakati ule, na alikuwa mwalimu.

Kutoka hapo ni matembezi mafupi hadi Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi lililokaa ndani ya kasoko, kijani kama majani yaliyopondwa, wakati mwingine lina heroe. Wenyeji husimulia habari za kikongwe aliyefika usiku kwenye sherehe akiomba hifadhi, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha. Kikongwe akamwambia aondoke na mumewe. Mvua ikanyesha, ardhi ikafunguka, mji ukazama na watu wake. Niliisikia hadithi hiyo utotoni kama kitisho cha watoto wachoyo. Nilipoisikia tena nikitoka kwenye maji ya Kusa, kwa watu ambao ziwa liliwafukuza mara mbili, niliisikiliza kama watu wanaojua hasa mji kuzama ni nini.

Baada ya Kendu Bay huja rasi ya Homa, na kwangu hii ndiyo sehemu tajiri kuliko zote. Mlima Homa ni volkano iliyolala, na mvua hukata makorongo kwenye miteremko yake hadi karibu na maji. Humo zimo Kanam, Kanjera na Nyayanga. Mwaka 2023 wanasayansi wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza kwamba Nyayanga wamepata zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, miongoni mwa za kale kabisa za aina yake duniani. Pamoja na zana hizo yalipatikana meno mawili ya magego ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo wa karibu na wetu ambaye wengi hawakudhani angehusishwa na zana, na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa.

Viboko! Nilikuwa nimetoka kukwepa kundi la viboko asubuhi hiyo hiyo, moyo ukinidunda, na hapa kwenye udongo wa kando walikuwapo viumbe wasio na jaketi wala chuma waliochuna kiboko kwa jiwe lililochongwa. Tena mawe yenyewe mengine hayakuwa ya pale. Utafiti uliotolewa 2025 ulionyesha kwamba mawe mazuri ya kuchongea yalibebwa hadi kilomita 13 kufika Nyayanga. Kilomita 13 naijua sasa kwa mabega yangu. Yeyote aliyelibeba jiwe umbali huo alikuwa amelichagua, na alijua anakwenda kulifanyia nini.

Hatukuingia makorongoni wenyewe. Mahali kama hapo si pa kuokota zawadi, na sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakataza kuondoa kitu. Jiwe likishatoka pale lilipolala, limepoteza kila lilichokuwa linasema. Tulikaa ufuoni na vijana wawili waliowahi kufanya kazi ya kuchimba na kuchekecha udongo na watafiti, wakatueleza jinsi ya kutofautisha jiwe lililovunjika lenyewe na lililogongwa kwa makusudi: utafute kovu la pigo, kisha ukingo mkali, kisha kovu jingine lililofuata la kwanza. Walieleza kwa fahari, vidole vikichora hewani. Ni wavuvi, na msimu wa uchimbaji ukiisha hurudi kwenye omena.

Mbita na Rusinga nitazipita upesi, si kwa udogo wake bali kwa kuwa zimesimuliwa sana. Ni Rusinga ambako Mary Leakey alilipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa miaka milioni 18 hivi, na ni Rusinga alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya baada ya kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kinachoonekana zaidi kutoka majini ni daraja. Miaka ya 1980 mlango mwembamba kati ya bara na kisiwa ulizibwa kwa tuta la mawe ili magari yapite, na maji ya ghuba yakapoteza njia moja ya kupumua. Wavuvi walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba maji yamesimama na samaki wamekimbia. Hatimaye tuta likapasuliwa na daraja likajengwa. Kupita chini yake kwa kayaki, mkondo ukikuvuta, ni kuona kwa macho kwamba walikuwa na haki.

Mfangano iko nje ya ghuba, kwenye ziwa wazi, na hapo tulisindikizwa na mashua ya injini. Sioni aibu wala ushujaa katika hilo. Mawimbi ya huko si ya kujaribia. Wasuba wa kisiwa hicho ni kizazi cha watu waliovuka kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, na wazee bado wanayo lugha yao ingawa vijana wengi sasa ni Dholuo tu. Juu kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya duara ndani ya duara na miale, nyekundu na nyeupe, ambayo watafiti huihusisha na wawindaji wa Kitwa waliokuwapo kabla ya wakulima na wavuvi. Wenyeji waliiheshimu kama mahali pa kuombea mvua. Nilipogeuka kutoka kwenye ukuta wa mwamba niliona ziwa lote limetandazwa chini, njia za mashua zikiwa zimechorwa juu ya maji, na nikawaza kwamba aliyechagua mwamba huu alitaka kuona nani anakuja.

Vijana huniuliza kama kayaki ni ya matajiri. Ni ghali, kweli, lakini mtumbwi wa mbao unafanya kazi hiyo hiyo, na mvuvi atakupeleka ukimlipa haki yake na kuzungumza kwanza na kamati ya BMU, yaani ya usimamizi wa ufuo wake. Muhimu ni kwenda polepole na kufika kutoka upande wa maji, upande ambao wenye mji walikuwa wakitazama.

Daftari letu la majina ya fuo limejaa upande wa kusini. Sasa tunajiandaa kwa kaskazini: Asembo, Uyoma, kuzunguka hadi Usenge, na mwisho Port Victoria, mahali reli ilipokusudiwa kufika na haikufika. Kama una mzee huko anayekumbuka gati ambalo halipo tena, au ufuo uliomezwa na maji ya 1961, mkalishe leo, mwulize jina, na uandike lilipokuwa ukilinganisha na mti au mwamba ambao bado umesimama. Kina cha maji pia, kama anakijua. Wavuvi hukijua.